Kuishi na Tembo Bila Kufukarika: Mwongozo kwa Vijiji Vinavyopakana na Hifadhi

Mwezi Machi 2021 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) lilimweka tembo wa savana katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka. Tanzania ilikuwa imekwisha kuonja uchungu wa jambo hilo, kwani hesabu zilizofanywa kwa ndege zilionyesha kwamba tembo walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na sababu kubwa ilikuwa ujangili wa meno. Ulinzi ulipoimarishwa idadi ilianza kupanda tena. Hizo ni habari njema kwa taifa, lakini kwa mkulima ambaye shamba lake la mahindi limekaa juu ya njia ya zamani ya tembo, habari hizo humfikia saa nane za usiku, mabua yakivunjika.

Mwongozo huu unawahusu wajumbe wa halmashauri za vijiji, viongozi wa vitongoji na vikundi vya wakulima na wafugaji wanaoishi jirani na hifadhi, hasa Tanzania. Hoja yake kuu ni hii: hasara ya tembo humwangukia mtu mmoja mmoja, tena mara nyingi ni kaya zilezile za mpakani, ilhali faida yake, inapokuwapo, huingia katika mfuko wa wote au hupita juu ya kijiji kabisa. Kijiji ambacho hakijazikutanisha hasara na faida hizo hakijapata uwiano wowote kati ya uhifadhi na maendeleo, hata kama kimejengewa ofisi nzuri na mfadhili. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa lengo hilo, na ndiyo maana zinaanza shambani kabla ya kufika kwa watalii.

Anzeni na daftari la hasara

Kabla ya kuita mwekezaji au kuandika mradi wowote, kijiji kinapaswa kujua tembo wanakigharimu kiasi gani, wapi, na mwezi gani. Mteueni mtu mmoja kwa kila kitongoji, anayejua kusoma na kuandika na anayeaminiwa na majirani zake, mpeni daftari na kamba yenye urefu unaojulikana, naye aende kwenye shamba lililovamiwa asubuhi ileile kabla ya ng'ombe kuingizwa kula masalia na kabla ya nyayo kufutika. Aandike jina la mwenye shamba, tarehe, zao na hatua liliyofikia (mahindi machanga na mahindi yaliyobeba si hasara moja), ukubwa wa eneo lililoliwa na eneo lililokanyagwa tu, idadi ya tembo kwa kukadiria nyayo, upande waliotokea na waliotokomea, na njia iliyotumiwa kuwafukuza. Picha za simu zipigwe kutoka kona mbili za shamba.

Kazi hii inaonekana ndogo lakini ndiyo msingi wa yote yatakayofuata. Kwanza, ndiyo ushahidi wa madai ya kifuta jasho (kwa mazao yaliyoharibiwa) na kifuta machozi (kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa na mnyama), malipo ambayo Serikali hutoa kwa mujibu wa kanuni zilizotungwa mwaka 2011, na ambayo hutegemea pamoja na mambo mengine umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, huku eneo linalolipiwa likiwa na kikomo. Madai yasiyo na vipimo hukwama mapema. Waambieni wananchi ukweli kwamba malipo hayo, kama jina lake linavyoonyesha, hufuta jasho tu na hayalingani na thamani ya mavuno yaliyopotea, tena huchelewa. Kenya imeandika kiwango kikubwa zaidi katika Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, shilingi milioni 5 za huko kwa kila mtu aliyeuawa na mnyama, lakini madai yamerundikana kwa miaka kwa sababu fedha za kuyalipa hazikutengwa za kutosha. Pili, baada ya misimu miwili daftari litawaonyesha kwamba uharibifu haukutawanyika kijiji kizima, bali umejikusanya katika mashamba machache na katika majuma machache ya mwaka. Majina ya kaya hizo yahifadhiwe vizuri, kwa kuwa ndizo zitakazotangulia wakati wa kugawana mapato.

Ardhi: chorani ramani kabla mtu mwingine hajawachorea

Hifadhi nyingi za jamii zilizoleta ugomvi zilianza na ramani iliyochorwa ofisini. Kijiji kina njia yake ya kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 inakiruhusu kijiji kuandaa mpango wake wa matumizi ya ardhi, ambao hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Ombeni wataalamu wa wilaya, lakini kazi ya kutambua njia za wanyama ifanyeni wenyewe kwanza. Kaeni chini ya mti, chorani kijiji chote ardhini kwa jivu, vijiti na mawe, kisha waiteni wazee wanaokumbuka tembo walikopita kabla ya mashamba kufunguliwa, wachungaji wanaojua mabwawa ya kiangazi, na akina mama wanaokwenda kuchanja kuni na kuteka maji, kwa sababu wao hukutana na tembo mchana ambapo wanaume wengi hawapo. Mchoro huo unakiliwe kwenye karatasi ukiwa bado uko ardhini.

Halafu fanyeni uamuzi mgumu. Sehemu ambayo ni njia kuu ya tembo isigawiwe kwa kilimo, na wale waliokwisha kulima humo waelezwe mbele ya mkutano watapewa nini badala yake na lini. Mkishindwa kujibu swali hilo, msitangaze njia hiyo kuwa ushoroba, yaani mapito ya wanyama yaliyohifadhiwa, mpaka mtakapokuwa na jibu. Kumnyang'anya mtu shamba kwa jina la uhifadhi bila kumpa jingine ni dhuluma, na tena hakumsaidii tembo, kwa sababu mtu huyo atarudi kulima usiku na ndiye atakayefumba macho jangili akipita.

Wafugaji wana nafasi ya pekee hapa. Malisho yaliyoachwa wazi ndiyo makazi ya wanyamapori wengi nje ya hifadhi, na kuyalinda yasilimwe kunawanufaisha ng'ombe na tembo kwa pamoja. Huko Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao katika mpango mmoja wa pamoja uitwao OLENGAPA, na wafugaji wakapewa hati za haki miliki ya kimila za kikundi. Hati ya kikundi ina nguvu kuliko ahadi ya mwenyekiti, kwa kuwa mwenyekiti hubadilika kila uchaguzi.

Kulinda mazao usiku wa leo

Hakuna mkulima atakayesubiri mpango wa ardhi ukamilike huku tembo wakiwa shambani, kwa hiyo hatua hii iende sambamba na ile iliyotangulia. Kanuni ya kwanza ni kulima kwa kukusanyika. Mashamba kumi yaliyoshikana yana mzunguko mfupi wa kulinda kuliko mashamba kumi yaliyotawanyika porini, na madungu manne yenye watu wanaopokezana zamu yanatosha mahali ambapo vinginevyo kila familia ingekesha peke yake. Fyekeni ukanda wazi kati ya kichaka na mazao ili mlinzi aone mapema.

Uzio wa pilipili ni rahisi na vifaa vyake hupatikana dukani na gereji. Simikeni nguzo pembezoni mwa shamba, fungeni kamba za katani, kisha ning'inizeni vipande vya nguo kuukuu za pamba kila baada ya hatua chache. Sageni pilipili kichaa iliyokauka, ichanganyeni na oili chafu au grisi mpaka iwe nzito, na pakeni kamba pamoja na nguo zote. Oili kazi yake ni kushikilia pilipili isisombwe na mvua, wala si yenyewe inayomfukuza tembo, kwa hiyo msiimwage ardhini na msiutengeneze mchanganyiko huo karibu na kisima. Anayepaka afunge pua na avae mifuko ya plastiki mikononi, na asijiguse macho mpaka amenawa kwa sabuni. Uzio huu hupoteza ukali wake na lazima upakwe upya, hasa baada ya mvua kubwa. Vikundi vingi vilivyousema haufai vilikuwa vimeupaka mwanzoni mwa msimu na kuuacha. Kwa usiku ambao tembo wako karibu, yaandaeni mapema matofali ya kinyesi cha ng'ombe au cha tembo kilichokandwa na pilipili iliyopondwa, yakaushwe juani, kisha yachomwe taratibu upande ambao upepo unatokea ili moshi uvuke shamba kuelekea kichakani.

Uzio wa mizinga ya nyuki unadai mtaji na subira zaidi, lakini huleta kipato. Tembo huogopa nyuki wa Afrika, ambao huwauma kuzunguka macho na ndani ya mkonga, na majaribio ya miaka mingi katika eneo la Sagalla, Taita Taveta, kando ya Hifadhi ya Tsavo Mashariki, yameonyesha kwamba takriban asilimia 80 ya tembo wanaousogelea uzio uliosimamiwa vizuri hugeuka. Mizinga huning'inizwa kati ya nguzo, kila mmoja mita 10 kutoka wa pili, ikiunganishwa kwa waya mmoja ili tembo akiusukuma popote mizinga yote itikisike. Si lazima yote iwe na nyuki. Mzinga wa kweli hufuatwa na wa bandia uliotengenezwa kwa ubao, kwa hiyo ekari moja huhitaji mizinga ya kweli 12 na ya bandia 12. Kila mzinga uwe na kivuli cha makuti au nyasi, na maji yawekwe karibu wakati wa kiangazi. Nyuki wenye njaa na kiu huhama, na ukame mkali huko Sagalla umewahi kuiacha mizinga mingi tupu. Uzio huu usipite karibu na nyumba, zizi au njia ya wanafunzi.

Kuhusu kubadili mazao, ushauri wangu ni wa tahadhari. Pilipili, vitunguu na tangawizi haviwavutii tembo kama mahindi, ndizi na matikiti, na vinafaa kupandwa ukingoni mwa mashamba. Hata hivyo familia haili pilipili. Usimshauri mtu aache mahindi kabla hajapata mnunuzi aliyeandikiana naye mkataba, na kabla bwana shamba hajathibitisha kuwa udongo na maji vinaruhusu. Mahindi yaliyovunwa nayo yasilale ndani ya nyumba ya udongo mpakani, maana tembo hunusa na kubomoa ukuta. Yahamishiwe ghala la kikundi katikati ya kijiji.

Mwisho katika hili, hakuna mazao yanayostahili maisha ya mtu. Mtu asimfukuze tembo peke yake, asimrushie moto, asiende akiwa amelewa, na watoto wasitumwe kulinda. Kikundi kisimame upande mmoja tu, kwa sauti na mwanga, huku njia ya kutorokea ikiachwa wazi.

Mapato: chagueni njia inayolingana na ardhi yenu

Njia inayojulikana zaidi Tanzania ni Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, iliyowekewa msingi na Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 na kanuni za kwanza za mwaka 2002. Vijiji kadhaa hutenga sehemu ya ardhi zao, huunda chombo chenye katiba na uongozi wa kuchaguliwa, huandaa mpango wa kusimamia rasilimali, na baada ya kuidhinishwa na waziri mwenye dhamana hupewa haki ya kutumia wanyamapori kwa utalii wa picha au uwindaji. Burunge, iliyoko kati ya Hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara, ina vijiji 10. Enduimet ipo Longido chini ya Mlima Kilimanjaro, na Ikona inapakana na Serengeti. Kabla ya kijiji kukubali, wananchi waelezwe waziwazi kwamba kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Waulize pia mapato yatagawanywaje. Katika Burunge, kijiji cha Minjingu kililalamika kwa miaka mingi kwamba kinagawiwa sawa na wengine ilhali vitega uchumi vingi viko kwenye ardhi yake. Kanuni ya mgawanyo ingejadiliwa kabla ya kutia saini, ugomvi huo ungekuwa mdogo.

Mahali ambapo ardhi haitoshi kwa jumuiya kubwa, mkataba mdogo unaweza kufaa zaidi. Kijiji cha Terrat huko Simanjiro, tangu katikati ya miaka ya 2000, kimekuwa na makubaliano na kampuni za utalii yanayokilipa kijiji kila mwaka ili tambarare ambazo nyumbu na pundamilia huzalia zisilimwe, huku mifugo ikiendelea kuchungwa humo. Kijiji hakikuhamisha mtu wala hakikujenga hoteli. Kwa vijiji vya misitu kuna biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kutunza misitu inayohifadhi hewa ya ukaa, iliyowekewa kanuni zake mwaka 2022: vijiji 8 vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, hulinda misitu ya milima ya Ntakata, makazi ya sokwe mtu ambaye naye yuko hatarini kutoweka, na fedha za kaboni zimejenga huduma za afya na elimu. Mikataba ya kaboni hudumu kwa miongo, hivyo inawafunga hata wasiozaliwa. Isomwe kwa Kiswahili, ibara kwa ibara, mbele ya mkutano mkuu, na mwanasheria asiyelipwa na kampuni aipitie.

Katika mkataba wowote wa utalii, dai kwanza kiwango cha chini cha mwaka kinacholipwa hata wageni wasipokuja, ndipo mzungumzie tozo kwa kila kitanda. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, vijiji vilivyotegemea tozo ya mgeni pekee vilibaki na doria zisizo na posho. Ongezeni ibara ya ununuzi wa mayai, mboga na asali za kijijini kwa bei iliyotajwa namna ya kuipanga, na ibara ya kupitia mkataba upya kila baada ya miaka michache.

Kugawana: hapa ndipo uwiano unapopatikana au kupotea

Vijiji vingi hupeleka mapato yote kwenye darasa, zahanati na posho za vikao. Darasa ni jema, lakini mtoto wa mtu ambaye hajawahi kumwona tembo hunufaika sawa na mtoto wa mtu aliyepoteza ekari mbili, na baba wa huyu wa pili hulijua hilo vizuri sana. Ndiyo sababu napendekeza fungu la kwanza liwe la kaya za mpakani, litolewe kabla ya jingine lolote. Tuseme kijiji kimepokea shilingi milioni 30. Milioni 10 ziingie katika mfuko wa mpakani, ambao hununua pilipili, waya na mizinga, hulipa posho za walinzi wa usiku, na hutoa magunia ya mahindi kwa kaya zilizothibitishwa na daftari la hasara. Zinazobaki zigawanywe kati ya doria, mradi wa wote na akiba. Viwango vyenyewe mtavipanga ninyi. Kinachohitajika ni kwamba viandikwe katika sheria ndogo ya kijiji, ipitishwe na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, ili uongozi mpya usivigeuze kwa kikao kimoja.

Hifadhi za jamii za Mara nchini Kenya, kama Naboisho iliyoanzishwa mwaka 2010, zilichagua njia nyingine: wawekezaji humlipa kila mwenye kipande cha ardhi kodi yake moja kwa moja kupitia benki. Faida yake ni kwamba fedha hazipiti mikononi mwa kamati. Kasoro yake ni kwamba hati nyingi zina majina ya wanaume, na mke, mjane au kijana asiye na kipande hubaki nje. Anayetaka kuiga utaratibu huo aweke majina mawili kwenye akaunti, la mume na la mke.

Mfuko wa mpakani unaweza pia kuunganishwa na VICOBA, yaani vikundi vya wanakijiji vya kuweka akiba na kukopeshana. Kaya inayolinda uzio wake ipavyo inapata nafasi ya kukopa kwa ajili ya kuku, cherehani au biashara ya kiangazi, na tembo wakiharibu shamba, marejesho yanasogezwa mbele kwa msimu mmoja. Utaratibu huu ni wa maana kwa wanawake, ambao mara nyingi ndio wanaobeba mzigo wa kutafuta chakula baada ya shamba kuliwa.

Hesabu zisomwe katika kila mkutano mkuu, ambao kisheria unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Mtendaji abandike ukutani karatasi yenye mapato, matumizi na salio, kwa namba zinazoonekana, siku saba kabla ya mkutano, ili watu waje na maswali.

Doria na kalenda ya mwaka wa kwanza

Askari wa wanyamapori wa vijiji wachaguliwe kutoka vitongoji vyote, wakiwamo vijana wa kaya za mpakani, na wapelekwe mafunzoni. Chuo cha Likuyu Sekamaganga, Namtumbo, kipo kwa kazi hiyo. Wapimwe kwa jinsi wanavyoitika mkulima anapopiga simu usiku, kama wanavyopimwa kwa mitego wanayoing'oa. Askari anayeonekana tu anapokuja kukamata mtu hatapewa taarifa za majangili na yeyote.

Anzeni mwaka wenu baada ya mavuno, wakati watu wana nafasi ya kukaa mikutanoni. Miezi miwili ya kwanza iwe ya kuteua waandishi wa madaftari, kuchora ramani na kuchagua kundi la mashamba yaliyoshikana kwa ajili ya majaribio ya uzio, nusu likitumia pilipili na nusu mizinga. Nguzo zisimikwe kabla ya mvua. Mahindi yakianza kubeba, zamu za madungu ziwe zimekwisha kupangwa na namba ya simu ya askari wa zamu imeandikwa kwenye mlango wa kila nyumba ya mpakani. Mwekezaji yeyote anayebisha hodi katika kipindi hicho apokewe kwa heshima, aonyeshwe ramani na daftari, kisha aombwe arudi na rasimu ya mkataba baada ya msimu, wakati kijiji kitakuwa kinajua hasara yake kwa namba.